Je, Wajua? Kwa Nini Chewa Hamli Kamba Aliye Mdomoni Mwake

Kwenye matumbawe ya bahari ya Karibi, chewa anayeweza kummeza kamba mara moja husimama tuli, akapanua mdomo, na kumwacha kamba mdogo aingie mpaka kwenye mashavu anakovutia pumzi. Kamba anatoka mzima. Inakuwaje haliwi?

Jina lake la kisayansi ni Ancylomenes pedersoni. Ana urefu wa sentimita 2 au 3 hivi, mwili unaoonyesha mpaka ndani, madoa ya zambarau, na papasi, yaani nyuzi za kupapasia zilizo kichwani, ndefu nyeupe. Hukaa kwenye minyiri ya anemoni, mnyama laini ambaye minyiri yake ina sumu ya kuua samaki wadogo. Hata yeye huizoea tu: akitenganishwa na anemoni kwa siku kadhaa, akirudi huigusa kidogo kidogo kwa miguu, akichomwa anajirudisha nyuma, na huchukua saa kadhaa kabla ya kutulia tena.

Chewa anamhitaji kwa sababu ya vimelea wanaomng'ang'ania na kumnyonya damu. Kamba huwachopoa na kuwala, basi kila mmoja anapata chake. Lakini faida peke yake haitoshi, maana si kila samaki anayesogea amekuja kusafishwa. Wengine wana njaa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza namna wawili hawa wanavyoelewana. Kamba huanza kwa kuchapachapa papasi zake. Samaki anayetaka huduma hubadilika rangi, akawa mweusimweusi. Macho ya kamba ni hafifu mno, hayatofautishi rangi wala mabaka, ila giza na mwanga anaviona. Watafiti walimwekea skrini yenye maumbo. Umbo lilipokuwa jeusi, akachapa papasi na kujaribu kulisafisha! Mimi hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote: anaingia katika kinywa cha mnyama mkubwa kwa kutegemea alama moja tu, weusi.

Miamba ya Afrika Mashariki nayo ina kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, mwenye mgongo mwekundu uliopitiwa na mstari mweupe. Huyu hupendelea mapango na nyufa, akiwasafisha hata mikunga, samaki warefu kama nyoka. Mzamiaji akimnyooshea mkono bila papara, mara nyingi hupanda na kuanza kudonoadonoa ngozi ya vidole.