Mawe mawili ya Mbale

Kila ninapofundisha jinsi sayari zinavyoumbwa, huanza kwa kuweka mawe mawili mezani. Moja nililiokota njiani nikipanda Mlima Elgon. La pili, dogo kuliko ukucha, ni kipande cha kimondo kilichoanguka Mbale, mashariki mwa Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, muda mfupi kabla ya saa kumi jioni. Kimondo kilipasuka angani kikamwaga mamia ya vipande. Kimoja cha gramu 3.6 kilipenya majani ya mgomba kikamgonga mvulana kichwani. Hakuumia, kwani mgomba ulikuwa umeshakipunguza kasi.

Nikiuliza lipi la zamani, wengi hutaja la Elgon. Kumbe volkano ile ina umri wa mamilioni ya miaka tu, na kimondo kina takriban miaka bilioni 4.5.

Kikate, kisugue mpaka king'ae, kisha kitazame kwa lenzi. Utaona vitu vya mviringo, vidogo kama punje za ulezi. Hayo yalikuwa matone ya mawe yaliyoyeyuka, yakielea ndani ya wingu la gesi na vumbi lililozunguka Jua changa. Yalipoa, yakagandamana na vumbi, madonge yakagongana na kukua. Sayari zetu zilianza hivyo hivyo.

Ila katika jiwe la Mbale kingo za punje hizo zimefifia. Asteroidi lilikotoka, yaani mwamba mdogo kuliko sayari unaozunguka Jua, ilipata joto kali, hasa kutokana na aluminiamu-26, aina ya aluminiamu yenye nururishi, ambayo hutoa joto inapooza. Jiwe likaokwa, lakini halikuyeyuka. Najuaje? Vipunje vya chuma na nikeli bado vimetapakaa humo, vinameta. Lingeyeyuka, chuma kingezama katikati, kama kilivyozama Duniani na kuwa kiini. Ndiyo maana sivioni vipunje hivyo katika jiwe la Elgon.

Naletewa mawe meusi mara kwa mara, na mwenyewe anasema, "Mwalimu, linanasa sumaku." Sumaku peke yake haitoshi: mawe mengi ya volkano yana magnetiti, madini yenye chuma na oksijeni, nayo hunasa pia. Mimi hutafuta ganda jembamba jeusi lililoungua, na ndani yake chuma kinachong'aa.

Kama kwenu Mbale kuna mzee aliyehifadhi kipande tangu 1992, tafadhali msikioshe. Maji yatakitia kutu chuma hicho. Kifungeni kikavu, na mwandike kiliokotwa shamba gani.