Duka la vitabu katika mji ulikohamia: dhana potofu na ukweli wake

Wanaotaka kufungua duka la vitabu huwa wamelichora kichwani zamani: kona yenye viti, watoto wanaosoma wakiwa wamekaa sakafuni, mlango usiomfukuza mtu. Mchoro huo hauna kosa. Kasoro iko kwenye maneno yanayousindikiza, na mengi husemwa na watu ambao hawajawahi kufungua katoni ya vitabu na kukuta ankara juu yake.

"Anayependa kusoma tayari ni nusu ya muuza vitabu"

Mapenzi ya kusoma yanasaidia mteja anapouliza, "Nikimaliza hiki, nisome kipi?" Saa nyingine zote ni za kubeba maboksi, kuhesabu mali, kufuatilia oda zilizochelewa na kuwalipa wasambazaji. Tena msomaji mahiri ana mtego wake: hujaza rafu vitabu anavyovipenda yeye, kisha akashangaa mbona mtaa haununui.

Hesabu yenyewe ni kali. Huko Marekani na Uingereza, duka dogo kwa kawaida hupata punguzo la asilimia 40 au zaidi kidogo ya bei ya jalada. Kitabu kikiuzwa kwa 100, takriban 55 hadi 60 ni za mchapishaji au msambazaji. Kinachobaki ndicho kinacholipa pango, mshahara, umeme, kodi ya serikali, bima, na hata kile kitabu kilichoibwa. Kupandisha bei ni vigumu, kwani mara nyingi imeshachapwa nyuma ya jalada na mteja ameiona. Ndiyo maana maduka mengi huuza pia kadi, madaftari na michezo ya watoto, vitu vinavyoacha faida nono zaidi. Wapo wanaoona kufanya hivyo ni kuchafua duka. Sioni uchafu uko wapi.

"Visipouzwa vinarudishwa, kwa hiyo hakuna hasara"

Utaratibu wa kurudisha vitabu ulishika mizizi Marekani wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, wachapishaji walipotaka maduka yaliyoogopa kununua yathubutu tena. Hadi leo unasaidia, ila una masharti. Gharama ya usafiri mara nyingi ni ya duka, muda wa kurudisha una mwisho, kitabu kilichochubuka jalada hukataliwa, na unachorudishiwa kwa kawaida ni salio la kununulia vingine, si pesa mkononi. Muda wote huo mtaji wako umelala kwenye rafu. Vitabu vya waandishi wanaojichapishia mara nyingi havirudishwi kabisa. Hivyo ni bora kuvichukua kwa mali kauli, mwandishi alipwe kadiri vinavyotoka, na makubaliano yaandikwe hata kama ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako.

"Mgeni hawezi kuuelewa mji kiasi cha kuuuzia vitabu"

Historia inasema vingine. Sylvia Beach, Mmarekani, alifungua Shakespeare and Company jijini Paris mwaka 1919, akiuza na kuazimisha vitabu vya Kiingereza. Awali alitaka kufungua duka la vitabu vya Kifaransa New York, pango likamshinda. John La Rose alizaliwa Trinidad, akahamia Uingereza mwaka 1961, na mwaka 1966 yeye na Sarah White wakaanzisha New Beacon Books jijini London, ikichapisha na kuuza vitabu vya waandishi weusi. Wote waliona pengo ambalo wauza vitabu wa miji hiyo walikuwa wamelizoea.

Ila hadithi ya Beach ina upande ambao husimuliwa kwa nadra. Hakuanza peke yake. Adrienne Monnier, Mfaransa aliyekuwa na duka lake la vitabu tangu 1915, alimshika mkono, na mwaka 1921 Beach akahamishia duka lake mtaa wa rue de l'Odéon, mkabala na duka la Monnier. Biashara ilipozorota miaka ya 1930, waandishi wa Kifaransa, akiwemo André Gide, ndio waliokusanya watu wa kulichangia duka lake mwaka 1936. Duka la mgeni liliokolewa na wenyeji.

Dhana ya hatari zaidi ni ile ya upande wa pili: kwamba mji ulikuwa jangwa mpaka ulipofika wewe. Yupo mkutubi anayejua watoto wanagombania vitabu gani. Yupo mwalimu ambaye kwa miaka amekuwa akiazimisha vitabu vyake mwenyewe, na muuza vitabu vya mitumba anayejua nani anasoma nini, na kikundi cha wasomaji kinachokutana sebuleni kwa mtu. Waulize hao kabla hujachagua rangi ya ukuta. Uliza watu wanasoma lugha gani nyumbani, wanaagiza nini kutoka mbali, na kama palikuwa na duka la vitabu likafungwa, lilifungwa kwa nini. Jibu la swali hilo la mwisho huenda likakuokolea mtaji.

"Kukaribisha kila mtu ni kuwatengea rafu yao"

Hapa ndipo nia njema nyingi hujikwaa. Duka linatenga rafu pembeni, linaibandika kibao cha "sauti mbalimbali", kisha linawarundika humo waandishi weusi, wahamiaji, wenye ulemavu na yeyote ambaye mpangaji hakujua amweke wapi. Riwaya ya upelelezi iliyoandikwa na mhamiaji ni riwaya ya upelelezi, na mahali pake ni miongoni mwa wapelelezi wenzake. Anayetafuta historia ya watu wake anastahili kuipata upesi, kwa hiyo sehemu za mada zina kazi yake. Lakini zisiwe karantini. Ukiwa na nakala mbili, weka moja kila upande.

Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani wa fasihi ya watoto, alieleza kuwa vitabu vinaweza kuwa madirisha ya kuonea maisha ya wengine na vioo vya mtu kujiona mwenyewe. Wauza vitabu wanaipenda hoja hiyo, ila wengi hukomea katikati. Bishop alisema pia kwamba watoto wa kundi lenye nguvu, ambao kila kitabu kinawaonyesha wao tu, nao wanadhurika. Maana yake dukani ni kwamba kitabu cha picha chenye mtoto anayetumia kiti cha magurudumu hakihifadhiwi kwa ajili ya familia yenye mtoto kama huyo tu. Unakipendekeza kwa bibi yeyote anayemtafutia mjukuu zawadi, kwa kuwa kinachekesha.

Angalia pia hadithi zenyewe zinahusu nini. Ikiwa kila kitabu chenye mhusika mkimbizi ni cha machozi, rafu zako zinamwambia msomaji mkimbizi kwamba mapenzi, vichekesho na visa vya majini ni vya watu wengine.

"Ukisema karibuni wote, huna ruhusa ya kuchagua"

Kila duka huchagua, maana ukuta una mwisho. Kitabu usichokiweka kwenye rafu unaweza kumwagizia anayekitaka bila kumkunjia uso. Kumvumilia anayemtukana mteja mwenzake ni suala jingine. Mwenye kaunta akinyamaza hapo, aliyetukanwa ndiye asiyerudi.

"Njia ya mteremko mlangoni inatosha"

Mteremko wenyewe una vipimo. Viwango vya Marekani, kwa mfano, vinataka usizidi uwiano wa 1 kwa 12, yaani ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180, na mlango uwe na nafasi wazi ya sentimita 81 hivi. Wengi hutimiza hayo, kisha wakaziba vijia kwa meza za vitabu vipya. Bado kuna maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, vibao vinavyosomeka, kiti chenye mikono ambacho mzee anaweza kuinukia, na saa moja ya utulivu bila muziki. Mengi kati ya hayo ni rahisi ukiyapanga kabla fundi wa rafu hajaanza kukata mbao. Baadaye huwa ni kubomoa.

"Intaneti imeshayaua maduka haya"

Chama cha wauza vitabu huru cha Marekani kilikuwa na wanachama 1,401 mwaka 2009, na katika miaka ya 2020 wamevuka 2,000. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1981, punguzo kwenye kitabu kipya haliruhusiwi kuzidi asilimia 5, hivyo duka dogo halipigwi kwa bei. Jua kwanza sheria ya nchi uliyomo inasemaje. Kama haidhibiti bei, usijaribu kushindana kwa bei. Utashindwa mapema sana.

"Matukio yatalipa pango"

Mara chache. Ukumbi hujaa, watu hucheka, viti hukunjwa, na vitabu vilivyouzwa vinahesabika kwa vidole. Mgeni mkubwa akija, tiketi iambatane na nakala ya kitabu, na saa ya hadithi za watoto iwe bure. Kikundi cha wasomaji kinacholeta oda ile ile kila mwezi, kimya kimya, kinaweza kukufaa kuliko uzinduzi wenye picha nyingi.

Na tazama nani hayupo. Saa ya hadithi inayofanyika asubuhi ya siku ya kazi itawapata watoto ambao mlezi wao ana nafasi wakati huo. Ihamishie Jumamosi alasiri mara moja, uone nani anaingia na anauliza vitabu vya lugha gani, kisha ndipo uandike oda yako inayofuata.