Atomu Ndani ya Kizimba cha Kaboni: Dhana Potofu na Ukweli

Kila ninapofundisha mada ya kaboni hapa Dodoma, huingia darasani na mpira wa miguu wa vipande vyeusi na vyeupe, kisha huwaomba wanafunzi wahesabu: vipande 12 vya pembe tano, vipande 20 vya pembe sita, na vipeo 60 vinapokutana mishono. Tukiweka atomu moja ya kaboni katika kila kipeo, tunapata umbo la C60, molekuli iliyogunduliwa mwaka 1985 na Harold Kroto, Robert Curl, Richard Smalley na wanafunzi wao huko Houston, Marekani. Ndani yake mna uwazi unaotosha atomu moja au molekuli moja ndogo, na uwazi huo ndio unaozaa dhana nyingi potofu.

Iliyozoeleka zaidi ni kwamba atomu hupenya kati ya kaboni na kaboni, kama upepo unavyoingia mpirani kupitia sindano ya pampu. Ukweli ni kwamba molekuli hii haina vali, na nafasi zilizo katikati ya pete zake ni finyu mno hata kwa heliamu, ambayo atomu yake ni ndogo kuliko zote. C60 inapotengenezwa kwa cheche za umeme ndani ya gesi ya heliamu, hunaswa atomu moja katika takriban molekuli 880,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliipasha joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selisiasi, chini ya shinikizo la karibu mara 3,000 ya lile la angahewa, na hata hivyo walipata takriban molekuli moja iliyojaa katika kila 1,000.

Njia ninayoistaajabia mimi ni ile iliyofanikishwa huko Kyoto, Japani, na Koichi Komatsu, Yasujiro Murata na wenzao mwaka 2005. Walikata baadhi ya vifungo vya kizimba kwa hatua za kikemia hadi ukapatikana mlango, wakaingiza haidrojeni kwa shinikizo, kisha wakaufunga mlango huo hatua kwa hatua mpaka kizimba kikarudi kuwa C60 kamili. Ni upasuaji hasa, pamoja na kushona kidonda.

Tangu habari za heliamu iliyogunduliwa Rukwa, hapa Tanzania, zilipoenea, nimeulizwa mara nyingi kama vizimba hivi vingeweza kuwa maghala ya gesi. Hesabu yenyewe inakataa: kwa kipimo cha uzani wa atomu, kizimba kina uzani wa 720, heliamu ina uzani wa 4, kwa hiyo hata kila kizimba kikijaa, gesi haitafika asilimia 1 ya uzito wote. Mtungi wa chuma utabaki na kazi yake.

Wengine hudhani kwamba kilichonaswa lazima kiwe kimeungana na kaboni. Kwa heliamu sivyo, kwani haina kifungo chochote cha kikemia na kizimba. Imezuiwa na kuta tu. Kwa metali mambo hubadilika: lanthani iliyo ndani ya C82, kizimba kikubwa zaidi chenye kaboni 82, hukiachia kizimba elektroni tatu, hivyo mfungwa na gereza hubadilishana tabia.

Dhana ya mwisho, kwamba aliyemo ndani ametulia tuli, ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu humnyima msomaji uhondo wenyewe. Mwaka 2011, Kei Kurotobi na Murata walifungia molekuli moja ya maji ndani ya C60. Maji ya kisimani, ya bombani na hata ya mvua yana molekuli zinazoshikana kwa vifungo vya haidrojeni, lakini hii imetengwa na nduguze wote. Haikugandamana na ukuta wala haikulala. Hata katika baridi kali ya nyuzi chache tu juu ya sifuri halisi, yaani kiwango cha chini kabisa cha baridi kinachowezekana, wanasayansi wameikuta ikizunguka karibu kwa uhuru.