Acheni Kunitumia Picha za Jukwaani

Imerudi tena. Picha ya jukwaa kuu kwenye mechi ya Simba, mwekezaji kakaa huku, mwenyekiti kakaa kule, katikati kiti kitupu, na chini yake maneno: "Wakili, umeona? Hawaongei hao." Nimeona. Nimeona pia ile ya mwenyekiti ambaye hakupiga makofi bao lilipoingia, na ile ya salamu za Idi ambamo tajiri kawataja wachezaji, benchi la ufundi na mashabiki, mwenyekiti kamruka. Siku hizi hata mama anayeniuzia migebuka pale Mwanga ananipimia samaki huku akiniuliza timu inauzwa lini.

Mimi ni wakili hapa Kigoma. Naandikisha kampuni, naandika katiba za vyama na kukaa kwenye vikao vya wanahisa wasiopendana. Wateja wangu ni wenye maboti, wafanyabiashara wa mawese na vikundi vya kuweka na kukopa. Hakuna klabu ya Kariakoo iliyowahi kuniita, lakini karatasi ni zilezile, na ugomvi wake naujua kwa harufu.

Imani inayonichosha ni hii: mwenyekiti akitofautiana na mwenye fedha, basi lazima mmoja afukuzwe, na akiondoka mwenye fedha timu imekwisha. Nimeshaijibu kwenye daladala, msibani, na safari moja nikiwa kwenye foleni ya benki. Leo naiandika ili nipumzike.

Tuanze na kiti. Simba ina wenyeviti wawili, na nusu ya ubishi wa vijiweni ungekufa kama watu wangekumbuka hilo tu. Yupo mwenyekiti wa klabu, anayechaguliwa na wanachama. Murtaza Mangungu aliingia kwa kura Februari 2021, akarudishwa kwa kura Januari 2023. Yupo na mwenyekiti wa bodi ya wakurugenzi. Kiti hicho alikuwa nacho mwekezaji mwenyewe, Mohammed Dewji, yaani Mo, hadi Septemba 2021, akamwachia Salim Abdallah, yule tunayemwita Try Again, kisha Juni 2024 Try Again akajiuzulu na Mo akarudi, hadi 2025 alipokiachia tena. Mashabiki waliotaka Mangungu naye aondoke katika upepo uleule walikuwa wanamdai mwekezaji kitu ambacho hana. Hakumteua, atamtenguaje? Huyo hutolewa na waliompigia kura, kwa utaratibu wa katiba ya klabu, au aondoke kwa hiari yake.

Kumbukeni Septemba hiyo ya 2021. Haikuwa imetimia hata miezi mitatu tangu Simba na Yanga walete fainali ya Kombe la Shirikisho hapahapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, tarehe 25 Julai, Taddeo Lwanga akafunga bao pekee. Mji ulikuwa bado mwekundu. Mo alipotangaza kuachia uenyekiti, watu wa Ujiji walizungumza kama wamefiwa: "Kaitupa timu." Hakuitupa. Aliachia kazi ya kuongoza vikao. Nafasi yake ya uwekezaji ilibaki palepale. Mwenyekiti wa bodi kwa kawaida huchaguliwa na wakurugenzi wenzake aendeshe kikao. Kura zikigongana, katiba nyingi za kampuni humpa kura moja ya ziada. Jumanne wenzake wanaweza kumvua uenyekiti, na Jumatano akaingia kikaoni kama mkurugenzi wa kawaida, hisa zake zote mfukoni.

Uingereza ni hivyohivyo, tena mifano yao ni mizuri kwa sababu daftari la makampuni la kule yeyote anaweza kulisoma bure. Chelsea iliponunuliwa mwaka 2022 sura iliyoonekana ni ya Todd Boehly, akawa mwenyekiti, na hapa mjini kila mtu akamwita mwenye timu. Hisa nyingi zilikuwa za kampuni ya uwekezaji ya Clearlake, zaidi ya asilimia 60. Septemba 2024 magazeti ya kule yalipoandika kwamba pande hizo mbili zimetibuana, washabiki wa Chelsea wa Mwanga waliniapia kuwa Boehly atamfukuza Behdad Eghbali wa Clearlake. Kwa hisa zipi? Na Daniel Levy wa Tottenham: Septemba 2025 aliondoka kwenye uenyekiti aliokuwa nao karibu miaka 25, ila yeye na familia yake wakabaki na karibu asilimia 30 ya ENIC, kampuni inayoimiliki klabu. Kiti kimeondoka, mali ipo.

Sasa nivumilieni, maana hapa ndipo presha yangu inapopanda. Asilimia 51.

Historia mnaijua. Desemba 2017 wanachama wa Simba walikutana, Mo akatangazwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji kwa shilingi bilioni 20. Msimamo wa serikali ukawa kwamba kwenye klabu za wanachama, wanachama wabaki na angalau asilimia 51 na mwekezaji asivuke 49. Mchakato ukachukua miaka, Tume ya Ushindani nayo ikaingia, tuliache hilo. Kilichobaki vichwani mwa watu ni kwamba 51 ni kubwa kuliko 49, basi mwenyekiti wa wanachama ndiye mkubwa, na tajiri akileta jeuri atanyooshwa kwa kura.

Someni Sheria ya Makampuni. Kuna maamuzi yanayopita kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura. Kwa hayo, 51 inatosha. Kuna mengine yanayotaka azimio maalumu, robo tatu ya kura, na humo ndimo yalimo mambo mazito kama kubadili katiba ya kampuni. Mwenye 51 afanye maombi ya usiku kucha, hafiki 75. Mwenye 49 peke yake hawezi kupitisha hata posho ya chai, lakini hakuna azimio maalumu litakalopita bila mkono wake. Yaani mmoja ana usukani na mwingine ana breki, na waliokaa mezani mwanzoni walijua hivyo. Mvutano mnaouchungulia kwenye picha umo ndani ya karatasi tangu siku ya kwanza. Pande mbili zimefungwa zisiweze kuendeshana, kisha mnashangaa zikivutana! Mimi ningeshtuka kama hazivutani. Ningeuliza nani kalala.

Na hapo bado sijagusa mkataba wa wanahisa. Huu ni mkataba wa pembeni, haubandikwi ukutani, na mara nyingi ndio unaosema nani anateua wakurugenzi wangapi, nani anamteua mtendaji mkuu, na mambo gani hayafanyiki bila saini ya pande zote. Huu unaweza kupindua hesabu zote za vijiweni. Pale Manchester United, Februari 2024 Jim Ratcliffe aliingia na hisa zisizofika asilimia 30, akakabidhiwa usimamizi wa soka, na familia ya Glazer ikabaki na hisa nyingi. Tena kule kuna hisa za daraja B ambazo kila moja ina kura 10. Ukihesabu hisa bila kuuliza kila moja ina kura ngapi, hujahesabu kitu.

Halafu akidi, yaani wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kihesabike. Ikiandikwa kwamba kikao hakitimii bila mkurugenzi wa upande wa mwekezaji, mwekezaji hana haja ya kupinga lolote. Watu wake wanaugua, wanasafiri, wanafiwa, kikao kinaahirishwa, dirisha la usajili linafungwa. Kiti kitupu cha kuogopa ni hicho cha kikaoni. Cha jukwaani pengine mtu kaenda kujisaidia.

Kuna tundu moja ambalo sijaona mtu akilijadili. Hizo hisa asilimia 51 za wanachama, nani anazipigia kura? Mwanachama wa tawi la Kasulu hana hisa yenye jina lake, ana kadi. Kura ya maelfu inabebwa na watu wachache walioingia kikaoni kwa niaba yao. Nguvu yote ya mwenyekiti wa klabu inatoka hapo, amebeba kura isiyo yake. Je, akiipiga tofauti na walivyotaka wanachama? Katiba za vyama nilizozisoma, zikiwemo baadhi nilizoziandika mwenyewe kwa haraka ya mteja, zinapita hapo mbio mbio. Kwa hiyo nikiulizwa kama asilimia 51 inamlinda mwanachama, najibu kwamba kwenye karatasi inamlinda. Moyoni sina uhakika huo.

Tuje kwenye fedha. Miaka ya nyuma bwana mmoja wa Kibirizi alimnunulia rafiki yake injini ya boti. Hawakuandika chochote, walikuwa ndugu wa kufa na kuzikana. Dagaa walipokuwa wengi injini ilikuwa zawadi. Dagaa walipoadimika ikawa mkopo. Ilipofika ofisini kwangu ilikuwa nusu ya boti. Tuliwapatanisha: mmoja akaondoka na injini, mwingine akabaki na boti ufukweni, na kila mmoja akatangaza kwamba ameshinda.

Mkisikia tajiri "ameweka bilioni kadhaa" klabuni, ulizeni zimeingia kama nini. Zikiingia kama mtaji wa hisa, hazirudi mfukoni kwake hivihivi. Atatoka kwa kuuza hisa. Zikiingia kama mkopo, siku ya kuondoka anaondoka akiidai klabu. Zikiwa za udhamini wa jezi, alishapata tangazo lake na hamdai mtu. Zikiwa za hisani, kama zile za kuwalipa wachezaji posho baada ya kumfunga mtani, ni sadaka. Roman Abramovich alipoamua kuiuza Chelsea, Machi 2022, klabu ilikuwa na deni lake la takriban pauni bilioni 1.5, naye akatamka kuwa hatadai alipwe. Angeamua kudai? Hapo ndipo mngejua maana ya tajiri kuondoka, na wala isingehusu aligombana na nani.

Upande wa Jangwani hofu imegeuzwa. Hersi Said alichaguliwa rais wa Yanga Julai 2022 akitokea GSM, wafadhili wa timu, kwa hiyo wapinzani wake hawaulizi kama anagombana na wenye fedha. Wanauliza kama anaweza kugombana nao. Hilo ni swali la maana kuliko la picha, na linahitaji makala yake.

Kuhusu ukimya: mikataba hii karibu yote ina kifungu cha usiri. Mimi mwenyewe nikiwa na mteja kwenye mgogoro, agizo langu la kwanza ni afunge mdomo, na la pili ni aende mpirani kama kawaida akatabasamu. Kwa hiyo wanaokumbatiana jukwaani huenda wametumwa na mawakili wao.

Mnataka dalili? Tazameni mkutano mkuu wa mwaka unaoahirishwa bila sababu inayoeleweka. Tazameni mkaguzi wa hesabu anayebadilishwa katikati ya mwaka, katibu wa kampuni anayejiuzulu, mabadiliko ya wakurugenzi yanayopelekwa kimyakimya BRELA, kwa msajili wa makampuni, ambayo kwa ada unaweza kuyaomba na kuyasoma. Zaidi ya yote, watia saini wa benki. Siku upande mmoja unapoondolewa kwenye hundi, huo ni ugomvi, hata kama jioni yake wamekula biriani sahani moja.

Lakini niseme na linaloniudhi kuliko yote: mara nyingine kijiwe kinapatia. Vitabu vyetu vinasema bodi hukutana, hujadili, huamua, na muhtasari huandikwa. Nimeona mambo yakiamuliwa kwa simu usiku, muhtasari ukaandikwa asubuhi, na kikao chenyewe kikafuata baadaye kwa heshima ya muhtasari. Katika hali hiyo dereva na mpishi wanajua kabla ya msajili, na kinyozi anajua kabla yangu. Na sheria inaweza kusema 51 ndiyo kubwa, ila mishahara ya mwezi ikilipwa na mtu mmoja, chumba kizima humtazama huyo kabla ya kunyoosha mkono. Kifungu cha kuzuia hilo nimejaribu kukiandika. Kinasomeka vizuri sana.

Wa Tabora mmeniandikia pia. Nyinyi mlilala na Tabora United mkaamka na TRA United, mwaka 2025, baada ya mamlaka ya mapato kuichukua timu, kwa hiyo hofu ya tajiri kususa imewaondoka. Tajiri wenu hasusi, anakadiria.

Na yule bwana wa Gungu aliyetaka kujua kama Mashujaa wetu nao wana bifu la mwenyekiti na mwenye timu: timu ni ya jeshi, kaka. Kule mdogo akitofautiana na mkubwa hakuna azimio maalumu wala akidi, na kesi hizo mimi sipokei.