Kayongo sio uchawi wa jirani: tunayoyaamini kuhusu hili gugu na ukweli wenyewe

Mahindi yakifika usawa wa goti hivi, huku kwetu Busia ndio utaanza kusikia watu wakilalamika, mbona mahindi yangu yananyauka na mvua imenyesha juzi tu? Unaingia shambani unakuta majani yamejikunja kama ya kiangazi, mengine yana mistari ya njano, lakini ukiushika udongo una unyevu kabisa. Wiki kadhaa zikipita ndio unaona maua ya zambarau yamechomoza chini ya mahindi, maua mazuri kweli, mtoto anaweza kuyachuma akampelekea mama yake. Hiyo ndio kayongo. Wengine hapa wanaiita oluyongo, Tanzania wanaiita kiduha, na watu wa utafiti wanaiita striga. Mimi nimekua nikiiona kwa shamba la mamangu na nimechoka kusikia maneno yale yale yakirudiwa kila msimu, kwa sababu hayo maneno ndio yanatukosesha magunia.

"Shamba limerogwa"

Naanza na hili kwa sababu limevunja watu. Kuna boma mbili karibu na kwetu zilikaa miaka bila kusalimiana, huyu anasema yule alipita na kitu usiku mpakani, na kumbe wote wawili mahindi yao yalikuwa yanaliwa na gugu moja. Na siwacheki wanaodhani ni uchawi, maana ukiangalia vizuri inafanana na uchawi kweli: mahindi yanadhoofika wewe huoni adui, unapalilia vizuri bado yanadhoofika, halafu maua yanatokea ghafla kana kwamba kuna mtu ameyapanda.

Ukweli ni kwamba adui alikuwa chini muda wote. Mbegu ya kayongo ni ndogo mno, karibu 0.3 mm, ukizimwaga kiganjani utadhani ni ugoro. Hizo mbegu zinaweza kukaa ardhini zikiwa hai miaka 10, hata 20. Mvua ikinyesha zinakaa kwa unyevu wiki moja au mbili zikijiandaa, lakini hazioti, zinangoja. Zinangoja nini? Zinangoja harufu ya mzizi wa mahindi. Mzizi ukiwa na njaa unatoa kemikali inayoitwa strigolaktoni, na hapa ndipo pananishangaza kila nikipafikiria, kwa sababu mahindi hayatoi hiyo kemikali kwa bahati mbaya. Yanaita msaada. Kuna kuvu wazuri wa ardhini ambao wakiingia kwa mizizi wanaletea mmea fosforasi, sasa mmea unawaita kwa hiyo kemikali, na kayongo nayo inasikiliza huo mwito kwa siri. Wanasayansi walipata kemikali ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1966, kwenye mizizi ya pamba, lakini ilibidi wangoje mpaka 2005 kuelewa kwamba mmea ulikuwa unawaita wale kuvu. Karibu miaka 40 hiyo.

Mbegu ikishasikia inaota, inatoa kimzizi chembamba, na ina siku chache tu za kufika kwa mzizi wa mahindi kabla chakula chake kidogo hakijaisha. Ikifika inajishikilia, inatoboa mpaka ndani, inaanza kunyonya maji na chakula. Basi, hakuna mkono wa jirani hapo.

"Ni mvivu, angepalilia isingekuwepo"

Hili linaniuma zaidi kuliko lile la uchawi. Wanaopalilia huku ni akina mama wengi, na nimesikia mwanaume akimwambia mkewe mbele ya watu kwamba shamba limejaa kayongo kwa sababu ya uvivu wake, na huyo mama alikuwa amepiga jembe mara mbili tayari. Kayongo ikishaota inakaa chini ya ardhi kama mwezi hivi na zaidi kabla kichwa hakijatokeza, na sehemu kubwa ya hasara inatokea wakati huo ambao hakuna binadamu anaweza kuiona. Ukiiona imetoka, imeshakula. Ukiikata kwa jembe unakata ile ya juu tu, na nyingine ziko njiani.

Sasa mtu akisikia hivyo anasema basi hakuna haja ya kuing'oa, na hilo pia ni kosa, tena kubwa. Unaing'oa kwa ajili ya mwaka kesho na miaka mingine mbele. Mmea mmoja ukiachwa ukomae unaweza kumwaga mbegu 50,000 na hata zaidi. Hebu piga hesabu, mimea kumi tu uliyoiruka ni mbegu laki tano zimeingia kwa udongo wako, na wewe mwenyewe ndio utapanda mahindi juu yake. Kwa hivyo ng'oa kabla ya maua au yakianza tu, na kama tayari ina maua usiitupe pembeni ya shamba ikauke hapo, kwa sababu inaweza kuendelea kukomaza mbegu hata ikiwa imeng'olewa. Ichome au ifukie shimo refu mbali na shamba. Kulishia ng'ombe ndio usithubutu, mbegu zinapita tumboni na kutoka na samadi zikiwa hai, halafu unaibeba hiyo samadi kwa wilibaro mpaka kwa shamba lililokuwa safi.

"Mbolea inanenepesha gugu"

Nilikuwa naamini hivi mimi mwenyewe, inaonekana ina akili, si ukiweka mbolea unalisha kila kitu? Lakini kwa kayongo ni kinyume. Nimesema mzizi wenye njaa ndio unaita kwa nguvu. Ukiupa mmea fosforasi na naitrojeni ya kutosha haupigi kelele sana, na mbegu nyingi za kayongo zinabaki zimelala. Ndio maana kayongo inapenda mashamba yaliyochoka, yale ya babu yaliyopandwa mahindi juu ya mahindi miaka 30 bila kurudishiwa kitu. Samadi iliyooza vizuri, mboji iliyopata joto, fatalaiza kama unaweza kununua, vyote vinasaidia. Haviimalizi peke yake, lakini vinasaidia, na mahindi yenye nguvu yanavumilia zaidi hata yakishambuliwa.

"Nitalipumzisha msimu mmoja itaisha." Haitaisha. Mbegu ya miaka 10 itaona msimu mmoja kama usiku mmoja, na juu ya hiyo kuna nyasi za porini ambazo kayongo inakula pia, kwa hivyo unaweza kuliacha shamba likamee nyasi ukalikuta na mbegu zaidi ya ulizoziacha.

"Ukipanda kunde shamba linapona"

Hapa kuna ukweli nusu na nataka nikae kidogo. Kuna mimea ambayo mizizi yake inaamsha mbegu za kayongo lakini kayongo haiwezi kujishikilia kwake. Mbegu inaota, inatafuta, haipati, inakufa. Soya inafanya hivyo, pamba inafanya, simsim, njugu, kunde aina nyingine. Ukizungusha mazao hivyo unapunguza mbegu ardhini bila kununua dawa yoyote. Wamarekani walitumia ujanja huo huo kwa gesi: kiduha cha aina nyingine, chenye maua mekundu madogo, kile ambacho pia kiko pwani yetu, kiligunduliwa kwao mwaka 1956 huko North Carolina na South Carolina, na serikali ikaingiza gesi ya ethilini ardhini ili mbegu ziote bila mahindi kuwepo zikafe zenyewe. Wamepambana nacho miongo na miongo mpaka kimebaki sehemu ndogo sana. Lakini pale ilikuwa serikali na matrekta na karantini, hapa ni mtu na nusu eka yake, na hiyo nusu eka ndio ugali wa watoto. Ukimwambia asipande mahindi miaka mitatu umemwambia nini?

Kwa hivyo kwa maoni yangu njia inayotufaa zaidi ni ile ya kupanda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia au brakiaria kuzunguka shamba. Wanaiita push-pull, yaani sukuma-vuta, ilitengenezwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita, ng'ambo ya ziwa, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na mwanzoni walikuwa wanatafuta jinsi ya kufukuza yule funza anayetoboa bua la mahindi, wakaona kumbe penye desmodiamu kayongo nayo inapotea. Mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali za aina mbili hivi, moja inaiamsha mbegu, nyingine inazuia kile kimzizi kisikue kifike kwa mahindi. Juu ya hiyo inaongeza naitrojeni, inafunika udongo, na ng'ombe wa maziwa anaipenda. Ugumu upo, nisikudanganye. Mbegu yake ni ghali na ndogo, msimu wa kwanza inachelewa na lazima uipalilie kwa mkono ukiitofautisha na magugu, na watu wengi wanakata tamaa hapo hapo kabla haijashika. Ikishika lakini inakaa miaka, hupandi tena.

Turudi kwa kunde. Kunde zenyewe zina mnyonyaji wake, maua ya njano, wataalamu wanamwita alektra, na Tanzania anasumbua sana kunde na njugu mawe. Kwa hivyo mtu anayepanda kunde msimu baada ya msimu akidhani amekimbia, anaweza kukutana na ndugu mwingine wa kayongo. Usikae na zao moja, hata kama ni zao la kutibu.

Na usidhani ni shida ya nafaka za Waafrika maskini tu, maana hilo pia nimelisikia. Misri yale maharagwe mapana wanayopika ful ya asubuhi yanaliwa na gugu la ukoo mmoja na kayongo, wanaliita haluki, Morocco wanalo, Ethiopia ya kaskazini limefika pia. Lile ni baya kuliko letu kwa namna moja, halina ukijani hata kidogo, kila kitu linachukua kwa mharagwe. Wamisri walizalisha mbegu inaitwa Giza 402 inayolivumilia, wengine wanachelewesha kupanda ili udongo upoe, na imeonekana ukichanganya maharagwe hayo na uwatu gugu linapungua. Ukisoma habari zao ni kama unasoma za Busia: hakuna dawa moja, ni mambo matatu manne pamoja, kila mwaka.

"Nenda agroveti ununue dawa ya kupuliza"

Dawa ya kupuliza kwa majani inakuja imechelewa, kwa sababu ile ile, kayongo imeshakula. Kinachofanya kazi ni dawa iliyo pale pale kwa mbegu. Kuna mahindi yaliyotolewa hapa Kenya yanaitwa Ua Kayongo, mbegu yake imepakwa imazapiri, dawa ya kuua magugu, na mahindi yenyewe yanahimili hiyo dawa, kwa hivyo kayongo ikijaribu kujishika inakufa changa. Watu walisema ni GMO, sio GMO, ni uzalishaji wa kawaida tu. Lakini kuna jambo moja lazima ujue: hiyo dawa inaua mimea mingine. Ukishika mbegu hiyo halafu kwa mkono huo huo ukashika maharagwe ya kupanda, maharagwe hayataota vizuri na utamlaumu aliyekuuzia. Panda maharagwe kwanza, au nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mbegu nyingine.

Kuna pia ile ya kuvu, Kichawi Kill, ambayo ni kuvu wa hapa hapa anayeiletea ugonjwa kayongo peke yake. Unaletewa huyo kuvu akiwa kwenye vijiti vya meno, mtu wa kijijini anamkuza kwa wali uliopikwa, halafu unaweka kidogo kwa kila shimo pamoja na mbegu ya mahindi. Mtu akisikia kuvu anaogopa, anadhani ni ile ya mahindi kuoza inayoleta sumu ghalani. Ni kuvu tofauti.

"Mbegu ya bei ghali haishambuliwi." Inashambuliwa vizuri sana. Bei haihusiani, uliza kama imezalishwa kwa ajili ya kayongo. Kwa mtama tuna bahati zaidi, Tanzania ilitoa aina mbili, Hakika na Wahi, mwaka 2002, mizizi yake inaita kwa sauti ndogo kwa hivyo mbegu chache zinaamka. Kazi hiyo ya mtama ndio iliyompa Profesa Gebisa Ejeta, mtoto wa mkulima wa Ethiopia, tuzo ya chakula ya dunia mwaka 2009.

La mwisho ni hili la "tumeshavuna". Mahindi yakitoka shambani watu wanafunga jembe, na kayongo iliyobaki kwa mabua inaendelea kutoa maua na kupasua vifuko vyake, wiki baada ya wiki, hakuna anayeangalia. Mamangu siku hizi akimaliza kuvuna anarudi na gunia tupu, anapita mstari kwa mstari aking'oa zilizobaki, majirani wanamuuliza mama unatafuta nini kwa mabua. Mwaka wa kwanza gunia lilijaa mara tatu. Mwaka huu lilijaa nusu.