Umebadilisha Injini? Logibuku Nayo Ibadilike

Malalamiko ya siku hizi hapa Kenya yanafanana: mtu ameuza gari, pesa ameshapokea, na sasa umiliki hauhamishiki kwa sababu namba iliyo kwenye injini ni nyingine na ya logibuku, hati ya usajili wa gari, ni nyingine.

Sheria haikatazi kubadilisha injini. Kinachotakiwa ni rekodi ilingane na gari lenyewe. Basi anza kabla fundi hajafungua bolti. Muuzaji asiyetaka kukuandikia risiti, awe Grogan, soko la vipuri Nairobi, au kwingineko, achana naye. Injini iliyoagizwa nje iwe na hati za forodha. Ombi la kubadilisha taarifa hufanywa kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha gari hupelekwa kukaguliwa, kwa mfano pale Likoni Road, Industrial Area. Mkaguzi husoma namba kwenye injini na kwenye chesisi, hulinganisha na hati, na hutazama kama injini iliyotoka cc 1500 hadi 2500 bado inasimamishwa na breki zile zile ndogo. Umeongeza nguvu, ongeza breki. Ijulishe pia kampuni ya bima. Ukinyamaza, siku ya ajali unaipa sababu ya kukataa kulipa.

Kuna wanaosema, "Hili gari lilikaguliwa Japani." Ndiyo, likiwa na injini yake ya kwanza!

Tuje kwenye moshi. Kanuni za ubora wa hewa za 2014, chini ya sheria ya mazingira, zinahusu magari pia. Fundi anayekata katalitiki ili gari "lipumue" anaondoa kifaa kinachopunguza monoksidi ya kaboni na oksidi za nitrojeni, na madini yake, platinamu na paladiamu, yana soko. Muulize kipande kilichokatwa kimeenda wapi. Sailensa nayo ni takwa la sheria za trafiki, si pambo. Anayeitoboa ili Thika Road yote imsikie asishangae akisimamishwa.

Kuendesha gari lisilotimiza kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, kinachohusu hali ya gari na vifaa vyake, huadhibiwa kwa faini isiyozidi shilingi 400,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Siku ya ukaguzi osha injini ili namba isomeke. Usiisugue kwa brashi ya chuma: namba iliyochubuka utaieleza kwa polisi.