Elfu tisa kwa kiasi gani?

Mtu akiniambia maharage ni elfu tisa, bado hajanitajia bei. Elfu tisa kwa sado, yaani kile kindoo cha kupimia? Sado yenye kichwa au iliyofutwa juu ikawa sawa na ukingo?

Kazi yangu ni kununua chakula cha hosteli hapa Dodoma, na kila niendako natembea na kamizani kadogo kenye ndoano. Juzi katika Soko la Majengo dada mmoja alinipimia sado ya maharage, akapitisha kiganja juu ikawa tambarare. "Kaka, elfu tisa tu, nikufungie?" Jirani yake alikuwa anauza kwa mizani, kilo moja shilingi 2,800. Nikauning'iniza ule mfuko: kilo 2.9. Ukigawa 9,000 kwa 2.9, kilo moja inakuja kama 3,100.

"Basi ngoja nikuongeze." Akatia konzi nne za nguvu. Mizani ikasoma 3.4, kilo ikashuka hadi 2,650 hivi. Nikanunua kwake. Noti zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni bei.

Siku hizi nageuza hesabu kabla sijafika kwenye meza. Nachukua 9,000, nagawa kwa 2,800 ya jirani, napata kilo 3.2. Sado isipofika hapo, naenda kwenye mizani. Wanaokosea wengi hugawa kinyume, kilo juu na shilingi chini, wakapata namba isiyoeleweka. Shilingi juu, kilo chini.

Debe nalo lina mambo yake. Linapima nafasi, halipimi uzito. Debe la mahindi lililojaa vizuri ni kilo 17 hivi, ndiyo maana debe sita tunaziita gunia la kilo 100. Jaza debe hilohilo alizeti, utabeba karibu nusu ya uzito huo. Kwa hiyo usilinganishe bei ya debe kwa debe kati ya mazao mawili.

Mkulima ndiye anayeumia zaidi na hili. Gunia la mahindi likinunuliwa 80,000 likiwa na kilo 100, kilo ni 800. Mnunuzi akilishindilia lumbesa, yaani kulijaza kupita kipimo, hadi kilo 120 kwa hela ileile, kilo imekuwa 667, na kilo 20 zimeondoka bure. Sheria ya Vipimo inakataza, lakini shambani, mbali na mizani, sheria hiyo inasikika kwa mbali.

Mafungu ya nyanya sitayasemea sana. Pima mafungu matatu, upate wastani, uachane nayo.

Ila kuna hesabu moja ilinitia adabu. Nilinunua gunia la vitunguu kwa 120,000, lina kilo 92. Kilo moja shilingi 1,304, na rejareja ni 1,500! Nikajiona mjanja. Guta la kubebea mzigo 5,000, kupakia 1,000, jumla 126,000. Kufungua gunia nyumbani, katikati kumelowa. Nikatupa kilo saba. Zikabaki 85 za kuingia sufuriani, na 126,000 kwa 85 ni 1,482. Kilo zote hizo rejareja zingenigharimu 127,500. Nimeokoa shilingi 1,500 kwa gunia zima, na asubuhi yote imeishia sokoni.